Nyanya Zenye Haraka: Kuchagua Mbegu kwa Majira Mafupi ya Winnipeg

Hotuba kwa wakulima wa bustani wanaozungumza Kiswahili mjini Winnipeg, Kanada, mwezi Machi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu mliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja nanyi vijana mliozaliwa hapa hapa na mkakubali kutumia Jumamosi yenu kusikiliza habari za nyanya: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana.

Nawashukuru kwa kunialika. Nje theluji bado imelala, na wengine mmefika mkiwa mmevaa makoti mawili, lakini huu ndio wakati wenyewe wa kulizungumzia jambo hili, kwa sababu mtu anayengoja theluji iyeyuke ndipo aanze kufikiria mbegu atakuwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya msimu ambao tangu mwanzo haukuwa mrefu.

Mimi nimekulia Ilula, mkoani Iringa. Waliopita barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa wanapajua, kwa kuwa nyanya hupangwa kando ya lami kwenye matenga, na watoto hukimbilia mabasi wakiwa na ndoo mikononi. Kwetu nyanya ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo miaka tisa iliyopita, nilipopata kipande cha bustani katika mji huu, sikuona sababu ya kumuuliza mtu yeyote namna ya kulima zao ambalo nililijua kabla ya kujua kusoma. Nilinunua mbegu ya Money Maker, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa kwenye kopo la mbegu la baba yangu, nikasia ndani ya nyumba, na katikati ya Mei, lilipokuja juma la jua zuri lililotufanya sote tuvae mashati mepesi, nikahamishia miche yangu yote nje kwa siku moja.

Usiku wa nane jalidi ilishuka. Asubuhi niliikuta miche imelala juu ya udongo, majani yamegeuka meusi yenye unyevunyevu, kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa jikoni. Nilipolishika jani moja lilivunjikia kidoleni bila sauti.

Nikanunua miche mingine ya aina ile ile, nikapanda tena mwezi Juni, na safari hii ikakua vizuri mno, ikanifikia kifuani, ikawa ya kijani kibichi cha kumfanya kila anayepita asimame kutazama. Lakini mashada ya kwanza ya maua yalipukutika yote. Matunda yaliyotunga baadaye yalikuwa bado mabichi wakati wa Septemba, jalidi ya pili ilipokuja kumaliza kazi. Kwa mwaka mzima nilikula nyanya kumi na moja nyekundu za jasho langu mwenyewe. Nilijiona mkulima aliyeshindwa, na ilinichukua muda kutambua kwamba mikono yangu haikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa la mbegu. Money Maker ni nyanya ya Kiingereza, iliyokusudiwa tangu mwanzo kulelewa ndani ya nyumba za vioo. Ilipofika Iringa ilipata joto la bure, ikastawi. Mimi nilikuwa nimeitoa kwenye kioo na kwenye joto vyote viwili, nikaiweka hapa, kwenye latitudo ya digrii 50 kaskazini, chini ya anga tupu.

Sasa niseme jambo ambalo naomba kila mmoja aondoke nalo leo, hata kama mengine yote atayasahau. Mtakwenda dukani, mtaona pakiti zimeandikwa kwamba nyanya hii inastahimili baridi, na baadhi zina picha za milima yenye theluji. Hakuna nyanya ya bustani inayostahimili jalidi. Nyanya ni mmea uliotoka upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, katika nchi za Andes kama Peru na Ekwado, ukafugwa na wakulima wa kale hadi Mexico, na katika safari hiyo yote haukuwahi kujifunza kuishi na barafu ndani ya mwili wake. Maji yaliyomo ndani ya chembe za jani yakiganda, chembe hupasuka, na hakuna mbolea wala dawa ya kuzirudisha. Hata kabla ya kufika huko, joto likishuka chini ya digrii 10 mmea husimama. Haufi, lakini haukui, na ukikaa hivyo kwa siku nyingi hudumaa kwa namna ambayo huchukua majuma kadhaa kupona.

Basi pakiti inapozungumzia kustahimili baridi, inazungumzia mambo mengine kabisa, nayo ndiyo yanayotuhusu: kwanza kabisa haraka, yaani idadi ndogo ya siku kati ya kuhamishia mche shambani na kuchuma tunda la kwanza, na pili uwezo wa ua kutunga tunda wakati usiku una ubaridi. Watu wengi huulizia ukubwa wa tunda, wengine huulizia rangi, na mimi nilikuwa nikiulizia jina ninalolijua. Katika mji huu maswali ya kwanza yawe ni hayo mawili.

Tuanze na haraka, tuhesabu pamoja. Katika mwaka wa kawaida jalidi ya mwisho ya majira ya kuchipua huonekana hapa karibu na mwisho wa Mei, na jalidi ya kwanza ya vuli hufika karibu na juma la tatu la Septemba. Katikati yake tunapata siku kama 115 au 120, na wanaolima nje ya mji, mabondeni, hupata pungufu ya hapo. Siku hizo zinaonekana nyingi, lakini Juni ya mwanzo bado ina usiku wa baridi, na Septemba jua limekwisha kuchoka, kwa hiyo siku za nyanya kufanya kazi kwa nguvu zake zote ni chache kuliko hesabu inavyoonyesha. Mche wa aina ya siku 80 ukiupanda tarehe 5 Juni, tunda la kwanza linaahidiwa karibu na tarehe 24 Agosti, na hapo ni kama kila usiku umekuwa mwema. Ukicheleweshwa juma mbili na ubaridi, unaingia Septemba, na mavuno yako makubwa yanakutana na jalidi uso kwa uso. Mche wa aina ya siku 55, uliopandwa siku ile ile, unaahidi tunda la kwanza mwishoni mwa Julai, na hata ukicheleweshwa majuma mawili hayo hayo bado una zaidi ya nusu ya Agosti mbele yako. Tafadhali zingatieni pia kwamba siku zinazoandikwa kwenye pakiti huhesabiwa kuanzia kuhamishia mche, si kuanzia kusia mbegu. Mama mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba pakiti ilimdanganya, kumbe alianza kuhesabu tangu siku aliyoweka mbegu kwenye udongo.

Jambo la pili, la ua, nataka tulitazame kwa karibu, maana mtu akilielewa ua la nyanya hataangalia tena bustani yake kwa macho yale yale. Petali zake za njano zimekunjukia nyuma, na katikati pamesimama kitu kama koni ndogo iliyochongoka. Koni hiyo ni vifuko vya chavua vilivyoshikana, na sehemu ya kike ya ua imefichwa ndani yake. Ua likitikiswa na upepo, au na nyuki mkubwa mwenye manyoya anayening'inia chini yake huku akivuma, chavua humwagika humo humo ndani na ua hujitungisha lenyewe. Ni mpango mzuri, lakini una udhaifu mmoja: usiku ukishuka chini ya digrii 13 hivi, kwa siku kadhaa mfululizo, chavua haijengeki sawasawa, na hata ile iliyojengeka haioti vizuri. Ua hukaa siku chache likingoja. Kisha angalieni kikonyo chake: kuna kifundo kidogo katikati, mfano wa goti. Kifundo hicho huwa cha njano, na ua huanguka hapo hapo kwenye goti, likaacha kipande kifupi cha kikonyo kwenye shada. Ndivyo yalivyofanya maua yangu ya mwaka wa kwanza, nami nikadhani ni wadudu, nikayanyunyizia dawa bure.

Hapa ndipo watafiti walipotufanyia kazi ambayo inafaa tuijue. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, nchini Marekani, mtaalamu wa mboga James Baggett alitoa aina kama Oregon Spring, Siletz na Legend, ambazo zinaweza kutunga tunda bila kungoja chavua. Uwezo huo alioutumia unatoka kwenye nyanya ya Kirusi iitwayo Severianin. Ndiyo maana ukikata nyanya za kwanza za Oregon Spring unaweza kukuta hazina mbegu, au zina chache tu, na nyama imejaa hadi katikati. Usiogope, si ugonjwa, ni ua lililokataa kuusubiri usiku wa joto. Baadaye Julai ikishapamba moto, mmea ule ule hutoa matunda yenye mbegu kama nyanya nyingine.

Kuhusu haraka, historia yake imepita karibu sana na sisi. Mwaka 1914 huko Florida ulionekana mmea wa nyanya uliokuwa na tabia ngeni: badala ya shina kuendelea kurefuka bila kikomo, lilifika mahali likamalizikia kwa shada la maua, na mmea ukabaki mfupi wenye matawi. Tabia hiyo ilikuwa imetokea yenyewe, kama mtoto anavyozaliwa na rangi ya macho ambayo haikuwamo nyumbani. Aliyeieleza kisayansi ni A. F. Yeager, mwaka 1927, akifanya kazi katika chuo cha kilimo cha North Dakota, mjini Fargo, ambako wengi wenu mna ndugu na ambako ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari tukifuata bonde hili hili la Mto Red. Yeager alikuwa na tatizo letu hasa: wakulima wa tambarare wenye majira mafupi, waliotaka nyanya ambayo haipotezi Julai yote ikijenga shina. Akatoa aina kadhaa, mojawapo ikiitwa Bison, na nyingine akaiita Farthest North, yaani Kaskazini Kabisa. Nyanya fupi tunazozijua leo, pamoja na Cal J na Roma ambazo wengi mmezilima kule nyumbani bila kuzisimikia miti mirefu, zote zinabeba tabia ile ya Florida.

Kuna wengine waliofanya kazi karibu zaidi. Huko Morden, chini ya saa mbili kutoka hapa tulipokaa, kituo cha utafiti cha serikali kilitoa nyanya iliyopewa jina la mkoa wetu, Manitoba, mwaka 1956. Na katika kituo cha Beaverlodge, kaskazini-magharibi mwa Alberta, ambako majira ni mafupi kuliko hapa, wakatoa zile za ukoo wa Sub-Arctic, ambazo huzaa mapema kupita karibu nyanya zote ninazozijua.

Mtaniuliza nipande ipi. Nitasema ninavyoona mimi, nanyi mna haki ya kupingana nami baada ya kuonja. Sub-Arctic Plenty hutoa matunda madogo, mengi, yote yakiiva karibu wakati mmoja, na kwa anayelima mahali penye upepo au bondeni penye jalidi ya mapema ndiyo bima yake. Lakini siwezi kuwaficha kwamba ladha yake ni ya kawaida tu. Ni nyanya ya mchuzi, si ya kukata na kula na chumvi. Manitoba ni kubwa zaidi, ina uchachu mzuri, na huchelewa kidogo, kama siku 60 na zaidi. Glacier ni fupi, ina majani mapana yanayofanana na ya kiazi mviringo, nayo huwahi sana. Ile ninayoipenda kuliko zote ni Stupice, iliyotoka katika nchi ya Wacheki. Ni ndefu, huhitaji mti wa kuegemea, tunda lake lina ukubwa wa yai la kuku, na ladha yake ilinifanya, mara ya kwanza nilipoionja tarehe 2 Agosti nikiwa nimesimama bustanini, nikae chini kwenye tuta, maana ilikuwa ladha ya nyanya ya nyumbani kweli kweli. Early Girl inapatikana kila duka, huzaa vizuri na mapema, ila ni chotara, na hilo nitalirudia tukifika kwenye mbegu.

Kwa wale mnaotaka nyanya nzito za kupikia sombe na maharage, msiache kabisa aina za Roma, lakini zipewe mahali penye joto kuliko pote, kwa mfano kando ya ukuta unaotazama kusini, na msizitegemee peke yake. Nyanya ndogo za mapema zina maji mengi, ni kweli. Dawa yake ni kuzigandisha nzima nzima kwenye friza; zikiyeyuka maganda hutoka kwa kuvutwa kwa vidole na maji mengi hujichuja yenyewe, kinachobaki ni kizito cha kutosha kwa mchuzi wowote.

Mbegu zisiwe ndani ya udongo kabla ya mwisho wa Machi, wala zisichelewe kupita juma la pili la Aprili. Majuma sita hadi manane yanatosha. Naona watu wakisia mwezi Februari kwa hamu, kisha mwezi Mei wana miche mirefu, myembamba, yenye maua tayari, iliyojikunja kwenye vikombe, na miche hiyo ikifika nje hukaa majuma matatu ikilia. Mche mfupi mnene wenye shina la rangi ya zambarau kidogo utaupita ule mrefu kabla ya Julai. Mbegu huota vizuri kwenye joto la digrii 21 hadi 27, kwa hiyo juu ya jokofu panafaa, lakini mara zikichomoza tu zinataka mwanga kuliko zinavyotaka joto. Dirisha la Machi hapa halitoshi. Wekeni taa juu yake, kwa umbali wa vidole vinne au vitano, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, mkiinua taa kadiri miche inavyopanda.

Kabla ya kuhamishia nje, miche ikomazwe. Kule nyumbani tulikuwa tukipunguza maji na kuondoa kivuli cha kitalu taratibu. Hapa kazi ni hiyo hiyo ila pia inahusu upepo. Siku ya kwanza itoke kwa muda wa saa moja tu, kivulini, siku ya pili kwa saa mbili, na kuendelea hivyo kwa siku saba hadi kumi hadi ilale nje usiku ambao haupungui digrii 10. Jani lililolelewa ndani lina ngozi laini. Likitolewa ghafla kwenye jua la Mei huungua likawa jeupe kama karatasi.

Nataka nikae kidogo kwenye udongo, kwa sababu naona hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza majuma. Udongo wa Winnipeg ni mfinyanzi mzito wa chini ya ziwa la kale, Ziwa Agassiz, lililofunika nchi hii yote barafu kuu ilipoyeyuka. Una rutuba ambayo babu zetu wangeiota, lakini hushika maji, na udongo wenye maji hupata joto polepole sana. Hewa ya Juni inaweza kuwa digrii 24 huku mizizi ikiwa ndani ya digrii 11, na mzizi uliopata baridi hauwezi kunyonya fosforasi hata ikiwa imejaa tele. Utaona upande wa chini wa majani umegeuka zambarau, na mwenye bustani hukimbilia dukani kununua mbolea wakati mmea unaomba joto. Ingizeni kidole udongoni, au afadhali kipimajoto cha jikoni, asubuhi, kwa kina cha kiganja. Kikisoma chini ya digrii 15, ngojeni.

Namna ya kuharakisha joto hilo tunayo tangu zamani, nayo ni tuta. Ilula tulipandisha matuta ili maji ya mfereji yapite na mizizi isioze. Hapa tuta hupandishwa ili jua lilipige kutoka pande mbili na maji ya theluji yashuke. Pandisheni tuta tangu vuli kama mnaweza, la urefu wa sentimita 20 au 25, mchanganye na mboji, kisha majuma mawili kabla ya kupanda mlifunike kwa plastiki nyeusi iliyobanwa iguse udongo. Matandazo ya nyasi, ambayo ni mazuri sana kwetu, hapa yangoje hadi mwezi Julai, kwa maana yakiwekwa mapema huzuia joto kuingia kama yanavyozuia maji kutoka. Na mche ukiwa mrefu usiuzike wima kwenye shimo la kina, kwa kuwa chini ndiko kwenye baridi. Ulazeni kwenye mfereji mfupi, majani ya chini yakiwa yameondolewa, kichwa tu kikijitokeza. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusana na udongo, na mizizi hiyo yote itakuwa kwenye tabaka la juu lenye joto.

Usiku wa hatari nao una dalili zake. Anga likiwa wazi lenye nyota nyingi, upepo umekufa na utabiri unasema digrii 2 au 3, msilale. Kipimo cha utabiri huchukuliwa juu ya ardhi kwa zaidi ya mita moja, wakati hewa nzito ya baridi hutuama chini, karibu na mche, na hapo inaweza kuwa chini ya sifuri. Usiku wenye mawingu huwa na huruma zaidi. Funikeni kwa shuka kuukuu kabla jua halijazama, na shuka ifike hadi ardhini pande zote, ibanwe kwa mawe, kwa sababu joto linalookoa mche linatoka udongoni. Nimeona watu wanaofunga kitambaa kwenye shina kama wanavyofunga mzigo, na kwa kufanya hivyo wanalifungia joto la ardhi nje. Madumu ya maziwa ya lita nne yaliyokatwa kitako yanafaa sana kwa miche midogo, mfuniko ukifunguliwa mchana. Asubuhi jua likipanda, ondoeni kila kitu, la sivyo mtaipika.

Mkishafika Agosti kazi inageuka. Ua linahitaji siku zaidi ya 45 hadi kuwa tunda jekundu katika hali yetu, kwa hiyo ua linalochanua baada ya juma la kwanza la Agosti halitaivisha kitu. Linakula chakula cha ndugu zake. Katikati ya mwezi huo mimi hukata vichwa vya nyanya ndefu na kuondoa maua yote yaliyobaki. Najua ni vigumu kwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba ua ni baraka kulikata kwa mkono wake. Mwaka wa kwanza mke wangu aliniomba nimwachie mmea mmoja bila kuukata. Tulipolinganisha mwezi Septemba, ule wake ulikuwa na matunda mengi zaidi, na karibu yote mabichi.

Jalidi ikitangazwa, chumeni yote. Tunda bichi lina hatua mbili ambazo kwa nje zinafanana, na kuzijua ni lazima mtoe sadaka tunda moja: likateni katikati kwa kisu kikali. Kisu kikizikata mbegu, tunda halijakomaa, halitaiva kamwe, litafaa kwa achari. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya ute bila kukatwa, limekomaa, nalo litaiva ndani ya nyumba. Haya yaliyokomaa tuyavundike, kama tunavyovundika ndizi: yapangwe kwenye boksi la karatasi bila kusongamana, yafunikwe kwa magazeti, na mtu aweke ndizi moja mbivu humo ndani, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye ndizi ndiyo inayoiamsha nyanya. Boksi likae mahali penye digrii 15 hadi 20. Jokofuni zisiingie, maana baridi ile huua ladha na huzuia wekundu. Hazihitaji dirisha wala jua. Mwaka jana tulikula nyanya zetu za mwisho tarehe 19 Novemba, theluji ikiwa imekwisha kufunika tuta zilikotoka.

Nimesema nitarudi kwenye mbegu. Stupice, Glacier, Manitoba na Sub-Arctic Plenty si chotara, kwa hiyo mbegu mtakazozikamua wenyewe zitazaa nyanya kama mama yake, jambo ambalo Early Girl haiwezi kuwaahidi. Chagueni tunda kutoka mmea ulioivisha mapema kuliko yote kwenye bustani yenu, si tunda kubwa kuliko yote. Kamueni ute na mbegu ndani ya glasi yenye maji kidogo, uache uchachuke siku mbili au tatu hadi ukungu uonekane juu, kisha osheni kwenye chujio na kuzianika kwenye sahani, si kwenye karatasi, kwa kuwa zitagandamana nayo. Mkifanya hivyo miaka sita au saba mfululizo mtakuwa na nyanya ambayo imelichagua tuta lenu.

Nimeleta bahasha za Stupice na Manitoba, mbegu kumi kwa kila familia, nilizozikamua mwenyewe, ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Ombi langu ni moja tu kwa kila atakayechukua: andikeni ukutani au kwenye daftari tarehe ya kuhamishia mche, tarehe ya ua la kwanza lililotunga, na tarehe ya tunda la kwanza jekundu, pamoja na mtaa mnaolima. Tarehe hizo mtanipa mwezi Oktoba. Bustani iliyo kando ya mto na ile iliyo nyuma ya ghorofa za katikati ya mji hazina jalidi moja, na mimi ninalijua tuta langu tu. Sasa mwenye swali asimame, na aanze mzee wetu pale nyuma, ambaye nimemwona ameinua mkono tangu nilipotaja Roma.